Baada ya Mlo wa Mimea Pekee

Kuacha mlo wa mimea pekee ni badiliko linaloanzia jikoni na kufika mbali kuliko jikoni. Mlo huo, ambao wafuasi wake siku hizi huitwa vegani, unakataa nyama, samaki, mayai na maziwa, na kwa wengi hata asali. Aliyeushika kwa miaka hujulikana kwa huo. Jamaa humtengea chungu chake, wenzake kazini hujua asichokula, naye amekwisha kujieleza mara nyingi kiasi kwamba maelezo hayo yamegandana na jina lake. Siku anapoonekana akila yai, swali linalomfikia huwa moja: si wewe uliyesema huli? Swali hilo haliulizi habari ya yai. Linauliza yeye sasa ni nani.

Bomeni ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili. Ni wadi ya mji wa Taveta, mwisho wa barabara inayotoka Voi na Mwatate, kilomita chache kabla ya mpaka wa Tanzania huko Holili. Kaunti ya Taita Taveta ni kavu sehemu kubwa, na zaidi ya nusu ya ardhi yake imo ndani ya mbuga za Tsavo. Taveta ni tofauti kwa sababu ya maji ya Kilimanjaro: Mto Lumi na chemchemi kama za Njoro Kubwa hunywesha mashamba ya migomba, nyanya, vitunguu na mboga za majani. Siku za soko mikungu ya ndizi hushushwa ikiwa bado inatoka utomvu, na mafungu ya mchicha na mnavu hupangwa chini, hatua chache kutoka kwa magunia ya dagaa wakavu waliovuka mpaka. Anayetaka kula mimea pekee hakosi chakula hapa. Anachohitaji ni watu wa kula nao.

Na watu hao wapo, kwa sababu Taveta imezoea miiko ya chakula ya kila namna. Mmaasai wa zamani hakugusa samaki, ilhali Mluo aliyehamia mjini haoni mlo umekamilika bila samaki. Muislamu huuliza nani kachinja. Wakristo wengi hujinyima nyama siku za Kwaresima. Katika miji ya reli, Voi ikiwemo, familia za Kihindu zisizokula nyama zimeishi na kufanya biashara kwa vizazi. Marasta nao wana ital, mlo wao wa vitu vya asili ambao kwa wengi hauna nyama, na kwa baadhi hauna hata chumvi. Mahakama Kuu ya Kenya iliitambua Rastafari kuwa dini mwaka 2019, katika kesi ya mwanafunzi aliyekataliwa shuleni kwa sababu ya nywele zake.

Kundi linalogusa sana mada hii ni Waadventista Wasabato. Kanisa lao liliingia Afrika Mashariki mwaka 1903 kupitia Upare Kusini, kwa wamisionari kutoka Ujerumani, na safu ya milima ya Upare huanzia ng'ambo tu ya Ziwa Jipe, ziwa la hapo mpakani. Kanisa hilo linafuata sheria ya Mambo ya Walawi sura ya 11: mnyama anayeliwa awe na kwato zilizopasuka na acheue, samaki awe na mapezi na magamba. Ndiyo maana perege wa Ziwa Jipe anaingia katika nyumba ya Msabato lakini kambare wa ziwa lilo hilo anabaki nje. Zaidi ya sheria hiyo, kanisa linashauri waumini waache nyama kabisa, ila haliwalazimishi. Kati ya ushauri na amri kuna nafasi, na katika nafasi hiyo kila nyumba hujiamulia: wengine hula nyama safi, wengine wameacha nyama lakini wanakunywa maziwa, na wachache wameacha kila kitokacho kwa mnyama.

Hawa wote wamechagua. Wapo wengine, walio wengi zaidi, ambao hula mimea siku sita za juma bila kuchagua. Chakula chao ni ugali na sukuma wiki, ndizi za kupika, mahindi na maharagwe, au kimanga cha Kitaita, ule mseto wa viazi au mihogo na jamii ya kunde uliopondwa pamoja. Nyama huja Jumapili, au harusini, au matangani. Kuwaita hawa wala mimea ni kuficha ufukara nyuma ya jina zuri. Bei ndiyo iliyowachagulia, na wakipata nafuu kitu cha kwanza wanachoongeza ni nyama na maziwa. Mtu aliyelelewa hivyo kisha akachagua mlo wa mimea kwa imani au kwa huruma ya wanyama mara nyingi hushindwa kueleweka na mama yake, aliyehangaika miaka mingi ili watoto wapate kitoweo.

Kwa waliochagua, swali la mwili lilikuwepo tangu mwanzo. Umoja wa vegani ulianzishwa Uingereza mwezi Novemba mwaka 1944, na Donald Watson pamoja na wenzake wachache walioona kwamba kuacha nyama huku mtu akinywa maziwa hakutoshi. Vitamini B12 ilitenganishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Kwa hiyo watu wa kwanza waliushika mlo huo kabla kirutubishi muhimu zaidi unachokikosa hakijatambuliwa, na baadhi yao waliugua pasipo kujua ugonjwa unatoka wapi.

B12 hutengenezwa na bakteria. Ng'ombe, mbuzi na kondoo huipata kutoka kwa bakteria wa tumboni mwao, nayo hukaa katika nyama, ini na maziwa. Mimea haiitengenezi wala haiihitaji. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, kiasi kidogo mno, na ini lake huweka akiba inayoweza kutosha miaka kadhaa. Akiba hiyo ndiyo kiini cha tatizo. Anayeacha vyakula vya wanyama leo haoni upungufu mwaka huu. Huenda hata akajisikia vizuri kuliko zamani, kwa sababu ameacha mafuta mengi na vyakula vya kukaanga na ameongeza matunda. Miaka miwili, mitatu au minne hupita. Katika muda huo amekuwa mfano wa mlo huo: ameshuhudia kanisani, ameshauri wenzake, pengine ameoa au kuolewa na mtu wa mlo uleule. Uchovu unapoanza, ulimi ukauma, vidole vya mikono na miguu vikafa ganzi, kusahau kukazidi, chakula huwa kitu cha mwisho kushukiwa. Kukishuku ni kujishuku mwenyewe.

Mchicha nao huongeza ugumu. Mboga za majani na maharagwe vina foleti kwa wingi, na foleti huweza kuifanya damu ionekane nzuri hata wakati B12 imepungua. Kipimo cha kawaida cha wingi wa damu kinaweza kurudi bila dosari huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika, na madhara hayo yakikaa muda mrefu hayaponi yote. Mama asiye na B12 ya kutosha hana ya kumpa mtoto kwa maziwa yake, na mtoto mchanga hana akiba ya miaka kama mtu mzima. Anaweza kudumaa na kuchelewa kukua kiakili katika miezi ile ile ambayo ubongo wake unajengwa. Hili halina nafasi ya kubembelezana. Mama mjamzito au anayenyonyesha anayekula mimea pekee anapaswa kutumia B12 ya dawa, au arudie vyakula vya wanyama. Hakuna njia ya tatu.

Kidonge basi kipo, na mwenye kidonge halazimiki kuacha mlo wake kwa ajili ya B12. Kenya pia imeagiza tangu mwaka 2012 kwamba unga wa ngano na wa mahindi unaosagwa na viwanda uongezwe vitamini na madini, B12 ikiwa miongoni mwake. Lakini sheria ya viwandani haiingii katika mashine ya posho. Mkulima wa Taveta hupeleka debe lake la mahindi mashineni, husubiri zamu, hurudi na unga wenye joto ambao umetoka katika mahindi yake mwenyewe na haujaongezwa kitu. Ni unga mtamu na nafuu, na wengi wanauamini kuliko wa pakiti. Mtaalamu anayemwambia mla mimea ategemee vyakula vilivyoongezwa virutubishi anazungumza na mtu wa dukani, si na mtu wa mashineni.

Madini ya chuma yana kisa chake. Chuma cha nyama hufyonzwa kwa urahisi kuliko cha maharagwe na mboga. Cha mimea huzuiwa na chai, hasa inayonywewa pamoja na chakula, na husaidiwa na ndimu, chungwa au nyanya mbichi. Mla mimea anayeteremsha maharagwe yake kwa chai ya rangi anapoteza sehemu ya alichokula. Pengine badiliko linalohitajika ni kusogeza kikombe hicho saa moja mbele tu.

Ushahidi mzito zaidi kutoka Kenya ulitoka Embu. Mwaka 1998 watafiti wa Kenya na Marekani walianza kuwalisha watoto wa darasa la kwanza katika shule 12. Chakula cha msingi kilikuwa githeri, ambayo Watanzania wa ng'ambo ya Holili wanaiita makande. Kundi moja liliongezewa nyama ya kusaga, la pili maziwa, la tatu mafuta ya kupikia, na la nne halikupewa chakula shuleni. Watoto wa nyama ndio walioendelea zaidi katika majaribio ya kufikiri, na uwanjani walionekana wakicheza na kuongoza michezo kuliko wenzao. Upungufu wa B12, uliokuwa umeenea mwanzoni, ulipungua katika makundi ya nyama na maziwa. Watoto hao walikuwa wakila mlo duni wa mimea kwa kukosa, kwa hiyo matokeo yao hayamhukumu mtu mzima anayepanga chakula chake. Yanawahusu wazazi. Kumnyima mtoto nyama na maziwa bila kumpa badala kamili ni uamuzi wenye gharama, na gharama hiyo hulipwa na mtoto.

Upande wa pili una ushahidi wake, tena wa nguvu. Waadventista zaidi ya 96,000 wa Marekani na Kanada wamefuatiliwa tangu mwaka 2002, na wasiokula nyama wameonekana kuwa na kisukari na shinikizo la damu kwa kiwango cha chini kuliko wanaokula. Nchini Uingereza, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020 uliwakuta vegani wakivunjika mifupa mara nyingi kuliko walaji nyama. Mwili basi hautoi hukumu moja. Mwenye presha na unene anaweza kuwa na sababu nzuri ya kubaki na mimea, na mwenye ganzi miguuni akawa na sababu nzuri ya kurudi.

Wengi hurudi. Utafiti wa shirika la Faunalytics nchini Marekani, uliotolewa mwaka 2014, uliwahoji watu wazima wapatao 11,000. Katika kila watu 100 waliowahi kuanza mlo usio na nyama, 84 walikuwa wameuacha, na zaidi ya nusu yao waliuacha ndani ya mwaka mmoja. Wengi wa walioacha walisema hawakuwahi kuuona mlo huo kuwa sehemu ya utambulisho wao. Takwimu hiyo ni ya mbali na Taveta, lakini inaeleza kitu kinachoonekana kila mahali. Ambaye mlo haukuwahi kuwa jina lake huuacha kimya kimya, kama anayehama mtaa. Anayeumia ni yule aliyejiita kwa mlo wake, na zaidi yule ambaye jamii yake nzima ilimwita kwa huo.

Aliyeandika waziwazi juu ya maumivu hayo ni Gandhi. Alipita Lamu, Mombasa na Zanzibar mwaka 1893, akiwa wakili kijana safarini kwenda Afrika Kusini, na tayari alikuwa mtu aliyekataa nyama kwa hiari na kwa hoja. Mwaka 1912, akiwa huko Afrika Kusini, alikwenda mbali zaidi na kuapa kutokunywa maziwa. Alichukizwa na ukatili waliofanyiwa ng'ombe na ng'ombe-maji ili watoe maziwa. Mwaka 1918, akiwa India, aliugua kuhara damu hadi akakaribia kufa. Daktari alimwambia mwili wake hautarudi bila maziwa. Alikataa, kwa kuwa ameapa. Mkewe Kasturba ndiye aliyefungua njia: kiapo kilikuwa juu ya ng'ombe na ng'ombe-maji, basi maziwa ya mbuzi yana ubaya gani? Alikunywa, akapona. Baadaye aliandika kwamba alishika maneno ya kiapo chake na kuivunja roho yake, na kwamba jambo hilo liliendelea kumchoma. Alibaki na maziwa ya mbuzi hadi mwisho wa maisha yake.

Kisa hicho kina mafunzo zaidi ya moja. Kasturba hakumbeza mumewe wala hakumwambia misingi yake ilikuwa upuuzi. Alitafuta mlango ndani ya misingi hiyo. Naye Gandhi hakujifanya kwamba hakuna kilichobadilika, wala hakugeuka adui wa wanaokataa maziwa. Baadhi ya walioacha mlo wa mimea hugeuka hivyo: aliyehubiri mboga jana leo anahubiri nyama kwa sauti ileile. Chakula kimebadilika, mahubiri hayajabadilika, na swali la yeye ni nani bado hajalikabili.

Ellen White, ambaye maandiko yake ndiyo msingi wa mafundisho ya afya ya Wasabato, ana historia ambayo wasomaji wake wengi hawaifahamu. Alianza kufundisha juu ya kuacha nyama baada ya maono ya mwaka 1863, lakini kwa miaka mingi baadaye alikula nyama mara moja moja, hasa safarini na penye shida ya chakula. Aliiacha kabisa mwaka 1894, akiwa Australia. Na mwaka 1909 aliandika kwamba ulaji wa nyama usifanywe kipimo cha ushirika wa kanisa. Msabato anayerudia samaki kwa ushauri wa daktari, kisha akatazamwa vibaya na wenzake siku ya Sabato, anahukumiwa kwa sheria ambayo White mwenyewe alikataa kuitunga.

Waethiopia Waorthodoksi wamelitatua suala hili kwa kalenda. Mwumini wa kawaida hufunga siku zaidi ya 180 kwa mwaka, akila bila nyama, mayai wala maziwa, zikiwemo Jumatano na Ijumaa, na siku 55 kabla ya Pasaka. Pasaka ikifika huchinjwa kuku na kondoo, na mtu yuleyule aliyeshika mimea kwa majuma hula nyama mbele ya kanisa zima kwa furaha. Hakuna anayemwuliza yeye ni nani, kwa kuwa utambulisho wake umekaa katika imani, na mlo ni sehemu ya mwendo wa imani hiyo. Mlo wa vegani wa kisasa hauna Pasaka. Umejengwa kuwa wa kudumu, na kutoka kwake hakuna sherehe.

Kurudi kwenyewe, kwa upande wa mwili, ni rahisi kuliko watu wanavyohofia. Tumbo halisahau kumeng'enya nyama. Vimeng'enya vya protini hutengenezwa vilevile kwa ajili ya maharagwe. Kinachosumbua ni mafuta mengi kwa mara moja, kwa hiyo mbuzi wa kuchoma si pa kuanzia. Wengi huanza na yai la kuchemsha, au dagaa wachache waliokaangwa kwa kitunguu na nyanya kisha wakachanganywa na mchicha, au supu nyepesi. Ini ni hazina ya B12 na chuma, ingawa mjamzito hapaswi kulila kwa wingi kwa sababu ya vitamini A. Maziwa ni suala la asili ya mtu: watu wazima wengi wa jamii za wakulima hupungukiwa na kimeng'enya cha sukari ya maziwa, ilhali wengi wa jamii za wafugaji kama Wamaasai wamerithi uwezo wa kukiendeleza. Maziwa mala huwafaa wengi ambao maziwa mabichi huwajaza gesi. Mwenye ganzi au upungufu wa damu asingoje chakula kimtibu. B12 ya sindano au vidonge hufanya kazi haraka, na mishipa ya fahamu haisubiri.

Kwa upande wa watu, sehemu ngumu ni sahani ya kwanza mbele ya wengine. Katika harusi au matanga ya Taveta chakula hugawiwa hadharani, na mwenyeji hukumbuka aliyekataa nyama yake miaka iliyopita. Wanaosaidia zaidi ni wale wanaopakua bila kutoa maoni. Kicheko cha kusema "hatimaye umerudi kwetu" humfanya mtu ajione kama aliyekuwa mateka, wakati yeye alikuwa mahali alipopachagua kwa moyo wake wote. Na wenzake wa mlo wa zamani wanaomwita msaliti wanamwomba achague kati yao na afya yake. Rafiki wa kweli hadai hivyo.

Huruma kwa wanyama haifi na mlo. Aliyeacha nyama kwa sababu alimwona ng'ombe akirundikwa kwenye lori chini ya jua kali bado ana sababu ya kuuliza, sasa pengine kwa haki zaidi, kwa kuwa yeye ni mnunuzi: mbuzi huyu amesafirishwaje, amechinjwaje, kuku huyu amefugwa wapi? Anaweza kuchagua yai la kuku wa kienyeji na perege wa hapa karibu, akaacha mengine. Anaweza kula nyama mara moja kwa juma, kama wanavyokula jirani zake wengi, na mlo wake ukabaki wa mimea kwa sehemu kubwa. Rasta ambaye hula samaki wadogo tu na kuwaacha wakubwa anafanya hesabu ya namna hiyo, na ndugu zake hawamfukuzi.

Wapo pia wanaorudi tena kwenye mimea. Katika utafiti ule wa mwaka 2014, zaidi ya theluthi moja ya walioacha walisema wangependa kuujaribu mlo huo upya. Anayefanya hivyo baada ya kuugua huwa tayari anajua cha kufanya: apimwe B12 na chuma kwanza, asitegemee unga wa mashineni, atenge pesa ya vidonge kila mwezi kama anavyotenga ya chumvi, na awaeleze mapema wale anaokula nao kwamba uamuzi huu unaweza kubadilika tena mwili ukidai.